Benki Inakula Nini?

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini methali haikutaja
kibaba chenyewe kilinunuliwa na nani,
wala nani hulipwa kukaa nacho usiku.

Mimi ndiye ninayekaa nacho.
Karani, Ruai, juu ya duka la dawa za mifugo:
chumba kimoja, dirisha la nondo,
sanduku la kufuli tatu, na funguo zake
katika mifuko mitatu isiyoaminiana.

Wafadhili waliondoka Machi, kwa adabu,
wakatuachia kompyuta mbili na bango
la mwanamke anayecheka na mbuzi.
Kodi haikuondoka nao.

Hesabu ni hii, naiandika polepole:
mkopo wa elfu tatu una fomu nne,
mkopo wa milioni tatu una fomu nne.
Wino ni uleule.
Pikipiki ya kumfuata mkopaji
hunywa petroli ileile,
haiulizi anadaiwa ngapi.

Mshauri alikuja kutoka Upper Hill,
viatu vyake vikalishangaa vumbi letu.
Akanywa chai, akafungua jedwali:
"Wadogo hawa wanawala.
Kateni mkia, kichwa kiende mbele."
Mwenyekiti akaafiki taratibu
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa vizuri.

Usiku nikarudi kwenye daftari,
lile la jasho na alama za gumba,
kumtafuta anayetula.

Wambeti, nduma, kando ya mto:
awamu ishirini, hakukosa moja.
Mafuriko yalipobeba shamba alileta nusu,
nusu ya pili akaja nayo kwa miguu.
Osoro, fundi baiskeli:
amekopa, amemaliza, amekopa, amemaliza.
Mumbua wa mayai alifariki Juni;
bintiye alilipa
hata turubai la msiba halijarudishwa.

Kisha ukurasa wa sabini na moja.
Mwandiko mzuri, kalamu ya bei.
Milioni mbili na laki nne, ploti huko Kamulu,
miezi kumi na moja, kimya.
Sahihi hiyo naijua:
hukaa chini ya kumbukumbu za kila mkutano.

Nisijidanganye lakini.
Hata akilipa kesho, na riba, na aibu,
kila mwezi tutapungukiwa elfu kumi na nane.
Nimejumlisha mara tatu.
Huruma hailipi stima.

Asubuhi Wambeti alikuwa wa kwanza,
tope la mto bado kwenye vifundo,
sarafu ndani ya kitambaa, nazo zina tope.
Akasoma tangazo mlangoni, midomo ikienda.
"Kufungwa? Kwani benki inakula nini?"

Nikamwambia, maana alikuwa ameuliza vizuri:
inakula kodi, inakula stima,
inakula mshahara wangu, ambao si mnono,
na inakula kila asiyerudisha.

Akanyamaza. Akahesabu kwa vidole,
akavirudia, akaacha kimoja kimesimama.
"Niongezee shilingi mbili kwa kila mia.
Nitanung'unika, lakini nitalipa.
Ila ng'ombe nikimchangia majani
nataka kujua nani anamkamua gizani."

Sikumjibu. Nilipokea sarafu,
nikaandika risiti, nikagonga muhuri.
Mhuri ulikuwa umekauka; niliupumulia
kama mtu anayefuta miwani.

Sasa ni saa nne kasorobo.
Viti vya wakurugenzi nimevipanga.
Mmoja zaidi nimeuomba dukani chini,
kigoda cha plastiki, kizito cha tope lake mwenyewe,
na aliyekikalia amekataa kuvua kanga ya shambani.
Daftari liko katikati ya meza,
limefunguliwa, sabini na moja.

Chai imechemka.
Sukari nimeipima.